Chongo, Kengeza na Honda ya Baba

Taa ya pikipiki ya baba ilikuwa inasinzia. Ndivyo tulivyosema nyumbani, na mpaka leo sijapata neno linalolizidi hilo. Baba akivuta resi, mwanga unaamka: unaona mashimo, mbuzi, mtu na baiskeli yake. Akiachia resi, unasinzia. Akisimama kumsalimia mtu njiani, taa inabaki nyekundu kama kaa linalotaka kufa, na huyo anayesalimiwa unamjua kwa sauti tu. Mimi nilipanda mbele, juu ya tangi, nikiwa na miaka sita au saba, na nilidhani pikipiki zote duniani ndivyo zilivyo.

Baba alikuwa bwana shamba wilaya ya Kilosa, na sisi tulikaa Mikumi mjini, upande wa pili wa hifadhi ukitokea Morogoro. Pikipiki yenyewe ni Honda CG125, ya zile za mwanzo, aliyoinunua kwenye mnada baada ya mradi mmoja wa kilimo kufika mwisho wake. Honda waliitoa CG mwaka 1976 wakizifikiria nchi kama yetu: vali zake zinasukumwa na fimbo, hazina mnyororo wa kuzihudumia kule juu, ili injini ivumilie oili iliyochoka na fundi wa chini ya mwembe. Wachina waliinakili baadaye, na bodaboda nyingi za Kichina zilibeba mjukuu wa injini hiyo hiyo. Kwa injini sina neno. Umeme ndio ulikuwa wa kimaskini: volti 6.

Niueleze kidogo, maana habari yote iko hapo. Ndani ya kava la kushoto kuna gurudumu zito lenye sumaku, linazungukia koili. Koili moja hupeleka moto kwenye plagi. Nyingine ni ya taa na chaji. Taa ya mbele ya baba haikula kwenye betri. Ilikula moja kwa moja kwenye koili, kwa hiyo injini ikienda mbio inashiba, injini ikipunguza inalala njaa. Sasa fikiria dereva anafika kwenye kona. Anapunguza mwendo, kama inavyotakiwa. Na hapo hapo, mahali anapohitaji kuona na kuonekana kuliko mahali pengine popote, taa inasinzia.

Mwaka 1996, kwenye kona moja kabla ya Kidodi, lori la miwa lilimgonga baba. Dereva alisema aliona kitu kama tochi ya mtembea kwa miguu kando ya barabara, akastukia pikipiki iko chini ya bampa. Baba hakufa. Aliwekewa chuma kwenye mguu wa kulia, akaishi miaka mingine 15, akafa kwa maradhi yasiyohusiana na barabara. Lakini kupiga kiki hakuweza tena, na bwana shamba asiyeweza kupiga kiki huwa anakaa ofisini akihesabu mifuko ya mbolea. Alikuwa mtu wa mashambani, ofisi ilimzeesha.

Nyumbani tuliilaumu taa. Mama alikuwa na kauli yake: "Kitu chenye chongo kinampelekaje mtu usiku?" Nilikua na maneno hayo. Kwa akili ya kitoto niliyaelewa yalivyo: pikipiki ilikuwa na jicho moja, ingekuwa na mawili baba angetembea vizuri.

Honda ilikaa stoo na kuku kwa miaka mingi. Mwaka 2019 niliipakia kwenye gari la mizigo nikaileta Morogoro ninakofundisha. Fundi wangu ni kijana wa Kihonda, na jina la mtaa halina uhusiano wowote na pikipiki ingawa yeye huwaambia wateja kwamba linao. Aliniuliza, "Madam, unataka irudi kama zamani au unataka tuibadilishe?" Nikasema tuibadilishe. Nilikuwa nimeangalia picha nyingi mno kwenye simu. Tukakata fremu nyuma, tukashusha usukani, tukaondoa madungudungu ya plastiki, tangi likapigwa rangi ya kijani kibichi sana, na kiti kikawa cha mtu mmoja. Nilimtumia mama picha. Alipiga simu badala ya kuandika.

"Nzuri," alisema. "Na mimi nitakaa wapi?"

Nilicheka, nikabadilisha mazungumzo.

Halafu zikaja taa mbili. Mtindo wa taa mbili za mviringo zilizobanana una ukoo wake: umetoka kwenye pikipiki za mashindano ya saa 24, kama Bol d'Or ya Ufaransa, ambako wanakimbia usiku kucha na taa moja ikipasuka ni lazima nyingine iwepo. Miaka ya 1990 Triumph waliuweka kwenye Speed Triple yao na vijana wenye misumeno duniani kote wakauiga. Mimi nilijiambia nazitaka kwa sababu ya usalama, kwa sababu ya baba. Leo nakiri kwamba nilizitaka pia kwa sababu zilikuwa zinapendeza.

Nilizinunua Kariakoo, taa mbili za LED, boksi limeandikwa wati 30 kila moja. Fundi alipozipima kwa mita, kila moja ilivuta ampea 1.4, yaani kama wati 17 na ushee. Hakushangaa. Aliondoa mfumo wa volti 6, akaweka betri ya volti 12 na regulata ya bodaboda, akafunga waya kama alivyozoea, tukawasha. Mwanga ulikuwa mweupe kiasi kwamba majirani walitoka. Kweli taa moja ilitazama mwembe na nyingine mtaro, lakini nani alijali? Nikampigia mama video. Akatazama, akasema, "Ulikuwa na chongo, sasa umeniletea kengeza." Wazee walishasema, ukipenda, chongo huita kengeza. Basi mimi nilipenda.

Safari ya kwanza ya usiku nilikwenda kwake. Nilichelewa kutoka shuleni, na giza likanikuta ndani ya hifadhi. Barabara kuu ya Tanzania kwenda Zambia inapita katikati ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mabango yanakuonya kuhusu wanyama na faini ya kuwagonga. Nilikuwa naimba, sitadanganya. Taa zikapepesa mara mbili, zikazima zote.

Balbu ya baba ilikuwa inaaga. Unaiona inakuwa ya njano, kisha nyekundu, unajua uanze kutafuta pa kusimama. LED haiagi. Inashikilia mwanga ule ule huku betri inakonda kimya kimya, kisha inakata kama mtu aliyekata simu. Injini yenyewe iliendelea kunguruma bila wasiwasi, kwa kuwa koili ya plagi haina habari na betri. Kwa hiyo nilikuwa na pikipiki nzima, inayokwenda, na sioni hata mikono yangu. Nilisimama kando. Upande wa kushoto kitu kizito kilivunja matawi, kikatulia, kikavunja tena. Sikutaka kukijua jina. Lori lilipopita nilijibandika nyuma yake, nikazifuata taa zake nyekundu mpaka Mikumi mjini, nikila vumbi na moshi na kumshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Sikumwambia mama.

Niliporudi Kihonda, fundi alikuna kichwa. Tatizo, kama tulivyokuja kuelewa, lilikuwa hesabu rahisi ya mapato na matumizi. Taa mbili na taa ya nyuma zilivuta zaidi ya ampea 3. Regulata aliyoiweka ilikuwa ya nusu wimbi. Umeme wa koili huenda mbele na kurudi nyuma, na regulata ya namna hiyo huchukua safari ya kwenda tu, ya kurudi inaitupa. Tena koili yenyewe ncha yake moja ilikuwa imelehemewa kwenye chuma cha injini tangu kiwandani, kwa hiyo hata ungetaka kuchukua safari zote mbili, usingeweza. Wiki nzima nilikuwa natumia kuliko ninachoingiza. Mshahara wa mwalimu ulishanifundisha hali hiyo, ila sikuitambua ilipovaa sura ya betri.

Fundi akanipeleka kwa mzee mmoja anayesuka mota karibu na Msamvu. Siku zote nilipita pale bila kumwona: kibanda, feni mbovu zimerundikana, harufu ya vanishi. Aliipokea ile duara ya koili kwa mikono miwili. Akaigeuzageuza. Akauliza ni ya mwaka gani, nikamwambia ni ya mwanzo mwanzo, akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya bibi yake. Kisha akachukua kisu kidogo na kolea ya kulehemu, akaitafuta ile ncha iliyofungwa kwenye chuma, akaifungua polepole bila kuukata waya. Waya ule ni mwembamba, umepakwa vanishi ya zaidi ya miaka 40, ukiuvunja ndani umekwisha, unasuka upya. Akaiunga na waya mpya, akaivisha soksi ya kuzuia joto, akaipitisha nje pamoja na mwenzake. Ikawa koili ina ncha mbili huru, haijaegemea bodi mahali popote.

"Sasa mpe regulata ya wimbi zima," alimwambia fundi, kwa sauti ya mtu anayemkabidhi mjukuu. "Hii koili haikuwa mbovu. Mlikuwa mnaikaba."

Nilitegemea atasema koili ya volti 6 haiwezi kulisha mfumo wa 12. Alinieleza kwamba volti inayopanda kwenye koili ya sumaku ni jambo la mzunguko. Kilichokuwa kinaishusha ni mzigo uliofungwa nayo, balbu na betri ya volti 6. Ukiipa regulata inayoiacha ipande mpaka 14 ndipo iizuie, itapanda. Nami kwa miaka yote nilidhani 6 ni umri wake, kumbe ilikuwa nguo tu.

Tuliifunga Jumamosi moja. Injini ikiwa haina resi, mita ilisoma 12.4 taa moja ikiwaka, na taa zote mbili zikiwaka ikashuka 11.9. Ukivuta resi kiasi cha gia ya tatu, taa zote mbili zinawaka na mita inasoma 13.9. Betri iliyoshiba na kupumzika husoma 12.6 au karibu, kwa hiyo chochote kinachozidi 13 injini ikienda maana yake unaweka akiba. Nililiandika hilo kwa kalamu ya wino mzito chini ya kiti, ambako hakuna anayeona.

Yako mengine madogo yaliyotula siku nzima. Moto ulifika kwenye betri vizuri lakini kwenye taa ulifika umechoka, zaidi ya volti moja imepotea njiani. Tukabadilisha waya, tukaweka rilei ili moto mzito usipite kwenye kile kiswichi cha usukani, tukaweka fyuzi. Bado. Mwishoni ikagundulika ni rangi! Ile rangi ya kijani niliyoilipia kwa fahari ilikuwa imefunika fremu yote, na waya wa hasi ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Fundi akakwangua eneo la sarafu moja, akafunga, taa zikanyooka. Nilisikia uchungu ile rangi ikikwanguliwa, nitasema ukweli.

Na mtetemo. CG inatetemeka, na breketi ya taa ilikuwa inalegea kila wiki. Fundi alikata kipande cha ndala na kipande cha kopo la soda akavibana katikati, basi. Robert Pirsig, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Zen na utunzaji wa pikipiki, anasimulia jinsi alivyotaka kumkazia rafiki yake usukani wa BMW kwa kipande cha kopo la bia, na rafiki yule akachukizwa. Kutoka hapo anajenga falsafa nzima. Nakipenda kitabu kile. Lakini kila nikifika ukurasa huo namkumbuka fundi wangu, ambaye angeshangaa tu kwa nini lile kopo halijakatwa bado.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Miezi miwili baadaye nilikuwa njiani tena kwenda Mikumi, jua limeshazama, sijafika Doma. Taa zote mbili zinawaka, zimenyooshwa, hazina kengeza tena. Lori refu lilikuwa linakuja, na nyuma yake lori dogo likachomoza kulipita. Nilijua limeniona. Haiwezekani lisinione, nilikuwa nang'aa kama harusi. Nikasubiri lirudi upande wake. Halikurudi. Nikapiga honi, kana kwamba honi ya volti 12 ni kitu mbele ya bampa. Nikaacha lami, nikaingia kwenye changarawe, majani, shina la kitu, nikaanguka. Pikipiki ikalala juu ya mguu wangu wa kulia.

Mguu wa kulia. Nilikaa pale chini nikiupapasa, nikihesabu vidole.

Dereva alisimama mbele kidogo, akarudi mbio na tandiboi wake. Alikuwa mtu mzima, umri wa baba alipogongwa. Walininyanyulia pikipiki. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu.

"Pole sana, dada. Wallahi nilikuona. Nilikuona vizuri kabisa," alisema. "Nikasema hilo gari bado liko mbali."

"Gari?"

"Taa mbili zikibanana, gari liko mbali. Zikiachana, limefika. Sisi usiku ndivyo tunavyopima."

Taa zangu zilikuwa zimeachana shubiri moja.

Nilisukuma pikipiki mpaka Doma, nikanywa soda mbili mfululizo, nikafikiri. Lori la miwa halikumgonga baba kwa sababu alikuwa na taa moja. Dereva yule aliiona taa, akasema mwenyewe. Aliiona ikisinzia, na kitu kinachosinzia hukiogopi, hukipigii hesabu. Laiti ingekuwa taa moja iliyoshiba, iliyo macho kwenye kona kama ilivyo kwenye mnyooko, angejua ni pikipiki, angejua iko wapi. Kazi yote iliyohitajika ni ile aliyoifanya mzee wa Msamvu kwa kisu kidogo, ndani ya kava, isiyoonekana kwenye picha. Jicho la pili lilikuwa langu na majivuno yangu, na lilikaribia kunifanya nifunge hesabu ya familia.

Fundi hakubishana. Alibadilisha waya nusu saa: mwanga wa chini ni taa ya kushoto peke yake, mwanga wa juu ndio unaamsha zote mbili. Aliniambia baadhi ya pikipiki za kiwandani zenye taa mbili hufanya hivyo hivyo, jambo ambalo angeweza kuniambia mapema, lakini mteja aliyeshaona picha kwenye simu haambiliki. Kwa hiyo nikikutana na watu barabarani nina chongo. Nikibaki peke yangu porini nafumbua la pili. Na mita hainung'uniki.

Halafu nikamwambia atengeneze kiti kirefu. Alinitazama. "Itaharibu umbo, madam." Nikamwambia najua. Tulilehemu nyuma ya fremu kipande kile kile tulichokikata, alikuwa amekitunza chini ya meza, pengine alijua.

Mwezi uliofuata nilifika Mikumi mchana, kwa makusudi. Taa zilihitaji kupangwa upya kwa sababu ya uzito wa abiria: mtu akikaa nyuma, mkia unashuka, mwanga unapanda, unawapofusha watu. Jioni nilisimamisha pikipiki hatua kumi kutoka ukuta wa nyumba ya mama, nikachora kwa chaki mstari wa urefu wa taa. Nikamwomba apande. Alifunga khanga vizuri, akakaa upande upande kama alivyokuwa akikaa kwa baba, mkono mmoja umeshika mkanda wangu. Nikawasha. Mwanga ulipanda juu ya mstari, ukagusa dirisha. Nikalegeza bolti, nikaushusha mpaka ukakaa chini ya chaki, nikakaza.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu, mama."

"Hebu achia resi."

Nikaachia. Injini ikatulia, ikabaki inahema. Mama aliutazama ukuta. Niligeuza shingo nimwone, lakini uso wake ulikuwa kwenye giza, nyuma ya taa, na mwanga wote ulikuwa mbele yetu, mweupe, umekaa pale pale tulipouweka.

"Haisinzii," alisema.

Tulikaa hivyo kwa muda. Kuku walidhani kumekucha, mmoja akatoka stoo.

"Zima sasa," mama akasema, akinigonga mgongoni. "Utamaliza betri."